Huyu si Kama Wenziwe

Kila alipomaliza kofia, kabla hajaifua na kuitia wanga, Mwanatumu aliinyanyua mpaka dirishani na kuliacha jua la alasiri lipite kwenye vitobo. Nukta za mwanga zilimwangukia usoni, shingoni, juu ya mikono, naye akafumba macho akatulia vivyo hivyo, kama aliyemwagiwa asumini. Ndivyo alivyompenda Katana. Kabla hajamjua sura wala sauti, alikwisha kuvaa mwangaza wake.

Maana kofia ni kazi ya watu wawili. Mmoja huchora maua na nyota kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, mwingine hutoboa na kuzungusha uzi kitobo kwa kitobo, miezi mitatu kofia moja. Mwaka mzima na nusu vitambaa vilimfikia Mwanatumu pale Kibokoni kutoka duka moja la Mtaa wa Biashara, vimechorwa na mkono asioujua. Lakini mkono ule alikuwa ameusoma kama barua. Ulipenda nyota za ncha nane. Haukupenda mistari iliyobanana. Na nyuma ya kila kofia, mahali pasipotazamwa na mtu, uliacha ua moja dogo la mviringo lisilofanana na mengine.

"Mkono huu wa Kilamu," shangazi yake, Bi Mwanakombo, alikuwa akisema kila akikikunjua kitambaa kipya. "Haya hayachorwi na mtu asiye na asili, mwanangu. Tazama!"

Na Mwanatumu alimwamini. Akamjenga mtu huyo akilini: rangi ya maji ya kunde, kanzu imenyooka, sauti ya chini, udi mabegani. Siku alipokwenda dukani mwenyewe kuchukua kitambaa, alimkuta mlangoni mwanamume mrefu mweusi, mikono ya shati ameikunja, akamwambia bila hata kumtazama vizuri, "Ewe hamali, nishushie jora lile, unifuate."

Yule mtu alilishusha jora. Akalitia begani, akamfuata kwenye vichochoro mpaka Kibokoni, akalitua juu ya baraza, akajifuta jasho. Kisha akatoa penseli mfukoni, akainama, na pembeni mwa kitambaa akachora ua moja dogo la mviringo.

"Nilikuja dukani kuleta michoro," alisema. "Lakini hukuniuliza."

Tangu siku hiyo ulikuwa umepita mwaka. Aibu ilikuja kwanza, mapenzi yakaja nyuma yake pole pole, kama mgeni anayeona haya kupiga hodi. Katana wa Tsofa, Mgiriama wa Ganze, mchora ramani katika ofisi moja ya bandarini, alisilimu akiwa na miaka kumi na tisa na jina lake hakulibadili. "Mimi ndiye niliyesilimu," alikuwa akisema. "Jina halikuwa na dhambi."

Na sasa ilikuwa Alhamisi, na kesho yake, baada ya sala ya alasiri, Katana alikuwa aje kuposa.

*

Walikuwa barabara ya Mama Ngina, kwenye ukuta mfupi unaotazama bahari. Hatua ishirini kutoka hapo Bi Mwanakombo aliwapa mgongo kwa adabu, akila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na kila mara akigeuza shingo kidogo kuona kama adabu bado ipo. Upepo ulicheza na buibui la Mwanatumu. Katana aliutazama mkono wa Mwanatumu uliokuwa juu ya ukuta, kando kabisa ya wake yeye, na nafasi iliyokuwa kati yao haikuwa pana kuliko uzi.

"Kesho," Mwanatumu alianza, "utakuja na yule mzee wa Kilamu, muuza halua. Shangazi ameshazungumza naye."

"Aje kufanya nini?"

"Aje kusema ni ami yako."

Katana alicheka. Alidhani ni masihara. Halafu akayatazama macho yake, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Mwanatumu?"

"Ami Shee alimuuliza shangazi, huyo kijana mlango gani, ukoo gani? Shangazi akababaika. Akasema Mlamu, wa mtaa wa Langoni. Lilimtoka tu, Katana, na neno likishatoka kwa Ami halirudi. Alifurahi mno. Akauliza na jina."

"Akaambiwa nani?"

"Khatib."

"Khatib," Katana alilirudia taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vya marehemu.

"Ni saa moja tu. Utakaa, utainamisha kichwa, mzee wa watu atasema. Ami ndiye walii wangu, babangu hayupo, bila neno lake hakuna ndoa. Na Jumapili yuwaja kuposa yule mwenye duka la vyombo. Ami kaniambia wazi, huyu wa Ijumaa asipofaa, namwozesha wa Jumapili. Saa moja, Katana, tupate umri mzima."

"Na katika saa hiyo babangu nimfiche wapi? Uvunguni?"

"Atakuja arusini."

"Atakuja kama nani? Mkata makuti wa kuezeka banda?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa hiyo iliuma zaidi. "Yuko njiani sasa hivi. Amepanda basi Kilifi. Amevaa koti lake la pekee. Mwaka mzima nampigia hadithi zako. Nimpokee stendi ya Mwembe Tayari nimwambie, baba, rudi, kesho n'na ami wa kukodi?"

Mwanatumu aliuma mdomo. Chini yao maji yaligonga mwamba, yakarudi, yakagonga tena.

Mji huu husahau mengi. Husahau nani aliyechimba misingi ya nyumba zake na nani aliyebeba mawe. Lakini matusi huyatunza kama sahani za kaure, kizazi hata kizazi, na kuyatoa kwa ajili ya wageni. Mgiriama mgema, tena mchawi. Mkamba hivi. Mjaluo vile. Na huko bara nao wana kabati lao: Mswahili mvivu, maneno mengi, kazi hana. Hakuna aliyenunua sahani hizi. Zote ni za urithi.

"Basi n'na ndia nyengine," Mwanatumu alisema ghafula, macho yamemng'aa. "Kofia! Ami Shee haivui ile ya nyota za ncha nane niliyomshonea. Kila Ijumaa msikitini huwaonyesha watu, 'tazameni kazi ya wenye asili.' Njoo na babako. Ami akianza maneno yake, mimi nitasema nyuma ya pazia, hiyo iliyo kichwani mwako, Ami, ni mkono wa Katana. Atanyamaza kimya!"

"Usithubutu."

Mwanatumu hakuwahi kumsikia akisema naye hivyo.

"Kwa nini? Si kweli?"

"Ni kweli. Ndiyo maana." Alitoa miwani yake ya kazi mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Nikiwa darasa la kwanza nilikuwa wa kwanza kwa hesabu. Mwalimu akanishika bega mbele ya watoto, akasema, huyu si kama wenziwe. Nikaenda mbio nyumbani kumwambia mama, nimesifiwa! Ofisini ndilo hilo hilo. Mgeni akija, bwana mkubwa humwonyesha ramani zangu, 'Katana si kama wenziwe.' Wenziwe ni nani, Mwanatumu? Ni mamangu, aliyekufa akinisukia ukili wa mikeka nipate karo. Ni babangu. Ni ndugu zangu. Kila nikisifiwa mimi, wote hao hutukanwa, na mimi natakiwa niseme ahsante."

"Mimi sikukusudia..."

"Ami yako akinikubali kwa kofia, mlango utafunguliwa upana wa mtu mmoja, nipite mimi, ufungwe. Asiyejua kuchora je? Hana baba wa kukaribishwa?"

Mwanatumu alitaka kuugusa mkono ule na hakuweza. Huenda kama angeugusa yasingetokea yaliyofuata. Lakini machungu yakishapata mlango hayajui pa kusimama, na Katana akaongeza neno moja ambalo hakulihitaji.

"Lakini ndivyo mlivyo nyinyi watu wa Mji wa Kale. Wote. Mwapenda asili kuliko watu."

"Sisi nani?"

"Nyinyi."

"Sisi *nani*, Katana?" Alikuwa amesimama. Huko nyuma Bi Mwanakombo aliacha kutafuna. "Mimi ni nyinyi? Mimi nitoboaye nyota zako mpaka vidole vikafa ganzi? Nitazame! Kidole hiki kina kovu la sindano. Naogopa paka. Nalia nikisikia tarumbeta. Na biriani silipendi!"

Katana aliduwaa. "Hupendi biriani?"

"Silipendi! Nalila arusini kwa ajili ya watu. Kuna mtu yeyote aliyeniuliza? Wewe uliniuliza? Wanililia hapa kwa kuwa nilikuona hamali. Nilikosa, nikakuomba radhi, na bado yakuuma, najua. Na leo mimi wanifanya nini? Watia Mji wa Kale wote kwenye kapu moja, na mimi humo humo ndani!"

Muuza madafu alipita na mkokoteni wake, akawatazama, akaona heri asiwauzie.

"Nimekosa," Katana alisema mwisho, taratibu.

"Ndiyo, umekosa."

"Lakini kesho nitakuja na babangu. Ama siji."

"Ami atakataa."

"Akikataa, na anikatae mimi. Si Khatib."

Akamtazama muda mrefu, mtazamo wa mtu anayenakili kitu kabla karatasi haijachukuliwa. Kisha akageuka, akaenda zake kando ya ukuta ule, na mabega yake mapana Mwanatumu aliyafuata kwa macho mpaka watu wa jioni wakayameza.

Bi Mwanakombo alifika akijifuta ndimu midomoni. "Amekubali?"

"Hapana, shangazi."

"Na wewe waliaje?"

"Kwa sababu hakukubali," Mwanatumu alisema, "nampenda zaidi."

"Alaa," shangazi alisema, akamshika kiuno. "Basi tumekwisha."

*

Ijumaa nyumba ilifukizwa udi tangu saa nane. Sebuleni palitandikwa mkeka mpya, na kahawa ilikuwa juu ya makaa. Kati ya sebule na chumba cha ndani lilining'inia pazia la kijani, na nyuma ya pazia alikaa Mwanatumu kwenye kigoda, na shangazi yake akiwa amesimama, jicho moja kwenye upenyo.

Maalim Shee, ami yake, alikaa peke yake akipitisha tasbihi. Alikuwa mtu mwembamba, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyewaozesha mabinti wanne wa ukoo wake kwa swali moja tu. Kichwani alivaa ile kofia ya nyota za ncha nane.

"Hodi."

"Karibuni!"

"Wangapi?" Mwanatumu alinong'ona.

"Wawili," shangazi alijibu. Kisha akajishika kifua. "Mungu wangu. Si muuza halua. Kaja na babake. Kavaa koti, mwanangu, lina kifungo kimoja."

Mwanatumu alisikia makatambuga yakivuliwa mlangoni, na nyayo kavu zikikanyaga saruji, moja kwa nguvu, moja kwa kuburura.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam. Karibuni, karibuni. Starehe, mzee, keti hapa. Karibu, bwana Khatib! Na huyu bila shaka ndiye ami yako wa Langoni?"

Makaa yalilia pwa. Bi Mwanakombo aliufinya mkono wa Mwanatumu mpaka kucha zikaingia.

"Niwie radhi, maalim," ilisema ile sauti ambayo Mwanatumu angeitambua katikati ya soko. "Mimi siitwi Khatib. Naitwa Katana. Huyu ni babangu mzazi, Mzee Tsofa. Kwetu ni Ganze."

Tasbihi ilisimama.

"Niliambiwa Mlamu."

"Uliambiwa makosa. Na jana mimi niliombwa niyafuate makosa hayo, nikashindwa. Nikaona nije nikwambie kwa mdomo wangu."

"Ganze," Maalim Shee alisema. "Mgiriama."

"Naam."

"Mimi sina ubaya na Wagiriama."

Nyuma ya pazia Mwanatumu alifumba macho. Aliijua sentensi ile. Watu huitanguliza kama mpishi atangulizavyo kisu kwenye jiwe la kunolea.

"Sina ubaya kabisa," maalim aliendelea. "Hapa hapa nyumbani kwetu, enzi za marehemu baba, aliyekuwa akituletea maji alikuwa Mgiriama. Miaka ishirini na saba! Kisima hiki mpaka mtungi ule. Mtu mwaminifu, hana maneno. Alinibeba mimi mgongoni nilipokuwa na surua."

"Kumbe," Mzee Tsofa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika, nzito, ya mtu asiyekuwa na haraka. "Aliitwaje? Huenda namjua. Wengi wa kwetu walikuja kuchota maji mji huu."

Maalim Shee alifungua mdomo.

Akaufunga.

"Aliitwa..." Akaitazama dari ya boriti, kana kwamba jina lilikuwa limehifadhiwa huko. "Sisi tukimwita..." Mkono wake ulipapasa tasbihi. "Tukimwita Mgiriama."

Mzee Tsofa alikaa tu na magoti yake makavu, akimngoja kwa upole, kama labda jina lilikuwa mbali na lilihitaji muda wa kufika. Halikufika.

"Basi," alisema mwisho. "Lingekuwapo jina, ningekwambia kaburi lake liko wapi."

Aliisukuma mbele chupa ya asali aliyokuja nayo, imezibwa kwa gunzi. Maalim Shee aliitazama. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imekwaruza, na kwa kuwa alikuwa ameona haya, alikasirika.

"Mzee, mimi ni walii. Lazima niulize. Watu husema... watu wa huko kwenu husemwa kuwa ni wagema."

"Mimi ni mgema."

"Astaghfirullah."

"Miaka thelathini. Mguu huu ni mnazi ulioniangusha."

"Na kunywa?"

"Nilikuwa nikinywa. Sasa tumbo halitaki." Mzee Tsofa alisema hivyo kama asemaye habari za mvua. "Ningeweza kukwambia sijapata kuonja. Lakini huyu mwanangu jana amenikalisha kitako usiku kucha akinieleza kwa nini hataki kuitwa Khatib. Nitaanzaje mimi uongo kesho yake? Na lile jengine unaloliona haya kuniuliza, maalim, uchawi siujui. Ningekuwa naujua, nisingekuja kwa miguu kutoka Mwembe Tayari na goti hili."

Bi Mwanakombo alitoa kicheko, akakiziba kwa upindo wa kanga, na kikawa kama chafya. Maalim Shee aligeuka kulitazama pazia.

"Nani aliyenidanganya?"

Shangazi aliganda. Mwanatumu aliuona uso ule uliomlea tangu miaka sita, jinsi ulivyozeeka kwa nukta moja. Akasimama.

"Ami."

"Mwari hasemi siku ya posa," maalim alisema kwa ukali.

"Najua, Ami."

"Kimya chako ndiyo ridhaa yako. Ndivyo tulivyokuta."

"Ningenyamaza leo, Ami, ungeniridhia mtu asiyekuwapo. Shangazi alisema vile kwa kunipenda, nami nikanyamaza kwa kumtaka huyu. Kosa ni letu sote wawili. Khatib wa Langoni mimi simjui. Namtaka Katana. Huyu aliyekuja na babake."

Hakuna aliyewahi kusikia sauti ya mwari ikipita pazia lile.

Mwanatumu alibaki kasimama, jicho kwenye upenyo. Kutoka pale alikiona kichwa cha ami yake kimeinama, na nyuma ya kofia, pale pasipotazamwa na mtu, ua dogo la mviringo. Katana alikuwa amemweleza habari zake jioni moja. Lilikuwa limechongwa kwenye kigango cha babu yake, ile nguzo ya kumkumbuka marehemu iliyosimama kule Ganze, na yeye alilichora kwenye kila kofia ili babu apate kuingia mjini. Neno moja tu lilitosha sasa. Liko kichwani mwako, Ami. Lilikuwa tayari juu ya ulimi, tamu, limeiva. Angelisema, ami yake angenyamaza kimya, na Jumapili ingefutika.

Katana aliinua macho. Hakuweza kumwona, pazia lilikuwa zito, lakini aliyaelekeza pale pale alipokuwa, na ndani ya macho yale hamkuwa na hasira ya jana. Mlikuwa na ombi.

Mwanatumu alilimeza neno.

Sebuleni Maalim Shee alikuwa akikizungusha kikombe kitupu cha kahawa. Miaka yote alikuwa na swali moja, mlango gani, na swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa tangu mwanzo, na bado mtu alikuwa amekaa mbele yake, hajulikani. Alikizungusha kikombe upande huu, akakizungusha upande ule. Hatimaye alikohoa.

"Mzee Tsofa."

"Naam, maalim."

"Huyu mwanao... akikasirika, hufanya nini?"

Mzee Tsofa alilifikiria swali hilo kwa heshima yake yote.

"Huosha vyombo."

"Vyombo?"

"Jana alirudi kutoka huko baharini kakasirika. Akaosha sufuria zake. Akaosha za jirani wa kulia. Mama mmoja wa Kikamba, mpangaji mwenzake, akamletea na karai la maandazi, akisema, mwache, Mungu kamtuma."

Nyuma ya pazia Mwanatumu alijifunika uso kwa kanga, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo yalikuwa na mengine ndani yake. Katana alitazama mkeka, masikio yamemuwaka.

"Na aibu yake kubwa?" maalim aliuliza. Alikuwa amesogea mbele kidogo bila kujijua.

"Hasahau. Neno la darasa la kwanza bado analo."

"Hilo ni baya."

"Ni baya," Mzee Tsofa alikubali. "Lakini na wema hausahau vile vile. Ndiyo nikaona tumvumilie."

Maalim Shee alimgeukia Katana, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, kama mtu asomaye herufi asiyoizoea, polepole, kidole juu ya karatasi. Akachukua birika, akainuka mwenyewe, akammiminia kahawa Mzee Tsofa.

"Sikumaliza kuuliza," alisema. "Rudini Ijumaa. Na wewe, Mwanakombo, usijifiche, nakuona miguu! Mpeleke mtu kwa yule bwana wa vyombo. Mwambie Jumapili asijisumbue, hapa pana mazungumzo." Akasita, birika mkononi. "Na mimi katika juma hili nitawazungukia wazee wa mtaa. Yupo atakayelikumbuka jina la yule mtu. Lazima yupo."

Jasho lilikuwa limemtoka. Aliivua kofia ajifute paji la uso, akaishika mkononi upande wa dirisha, na jua la alasiri likapita kwenye vitobo. Nukta za mwanga zikamwangukia Mzee Tsofa kwenye koti, kwenye kile kifungo kimoja, juu ya mikono yake ya magamba. Mzee aliziangalia zikicheza. Halafu akaiangalia kofia yenyewe, akaangalia nyuma yake, mahali pale pasipotazamwa na mtu, na hapo akatulia.

Akamtazama mwanawe. Katana hakuinua kichwa.

"Kofia nzuri," Mzee Tsofa alisema.

"Eh, hii!" Maalim Shee aliigeuza kwa fahari. "Hii ni kazi ya watu wenye asili, mzee wangu."

"Naam," alijibu Mzee Tsofa, na akanyanyua kikombe chake cha kahawa. "Naona."

Nyuma ya pazia Mwanatumu aliuma upindo wa kanga, wala hakusema neno.